Soul Ilivyopata Uraia: Sunburst, "Ave Africa" na Pwani ya Kilwa

Novemba 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo Dar es Salaam ilikuwa chini yake, ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi za jiji. Hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Miaka 7 baadaye, bendi iliyokulia katika jiji hilohilo, Sunburst, ikatoa albamu iitwayo "Ave Africa". Ndani yake soul na funk zilichanganywa na midundo ya nyumbani, na Afrika ikasifiwa kuanzia kwenye jina la albamu lenyewe. Muziki uliofukuzwa kama mgeni ulikuwa umerudi kama mwenyeji.

Historia hiyo mara nyingi husimuliwa kama habari ya Dar es Salaam peke yake, ya kumbi na vijana wa mjini. Lakini ukiisoma kutoka pwani ya kusini, kutoka Kinjumbi kwa mfano, inapata maana pana zaidi. Watu wa mwambao huu walikuwa wamekwisha kuona muziki wa ng'ambo ukija, ukishukiwa na wakubwa, kisha ukigeuka kuwa wao. Tena walikuwa na kumbukumbu yao wenyewe ya utumwa, jambo ambalo ndilo mzizi wa muziki wa Wamarekani weusi.

Kinjumbi ni kata ya kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, upande wa kuelekea Rufiji, katika nchi ya Wamatumbi. Kwa miongo mingi barabara ya kusini ilikuwa ya kubahatisha. Magari yalivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea, mto ukifurika, safari zililala. Daraja la Mkapa, ambalo ndilo lililomaliza adha hiyo, lilifunguliwa mwaka 2003. Katika miaka ya 1960 na 1970, kitu kilichofika kusini bila kungoja pantoni kilikuwa sauti ya redio.

Redio yenyewe ilitumia mawe, yaani betri kubwa za duara zilizopangwa mgongoni mwake. Mawe yalikuwa ghali, na hayakutupwa kwa haraka. Yakichoka yalitolewa na kuanikwa juani mchana kutwa, jioni yakarudishwa ili redio isikose taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Redio ya mtu mmoja ilikuwa ya majirani wote: iliwekwa barazani, sauti ikafunguliwa, watu wakakaa kwenye mkeka na mabenchi. Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 ilipowakusanya watu katika vijiji vikubwa, hadhira ya redio hizo ikaongezeka. Radio Tanzania Dar es Salaam ilileta habari, hotuba, taarabu, kwaya na dansi. Vipindi kama "Misakato" na "Klabu Raha Leo Show" viliwafikisha wapigaji wa mjini mpaka kwenye baraza ambayo haijawahi kuona gitaa la umeme.

Hata hivyo, redio haikuwa ya kwanza kuleta midundo ya mbali. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana wa Kiswahili walianza kuiga bendi za matarumbeta za kijeshi wakaunda ngoma ya beni. Walivaa mavazi ya kiaskari, wakajipa vyeo, wakapiga kwa gwaride na kushindana kwa nyimbo na kwa mapambo. Beni ikashuka pwani nzima na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Lindi ikawa moja ya miji iliyojulikana kwa beni, pamoja na vikundi vyake vya Marini na Arinoti. Watawala wa Kiingereza waliutazama muungano huo wa wacheza ngoma kwa wasiwasi, wakihofu kwamba nyuma ya tarumbeta kuna siasa. Lakini wachezaji wenyewe walikuwa wameichukua zana ya mtawala, wakaitia maneno ya Kiswahili, wakaifanya ngoma ya mtaa.

Baada ya beni likaja dansi. Santuri za rumba ya Kuba zilizosambazwa Afrika kwa alama ya GV zilifundisha kizazi kizima kupiga gitaa, na bendi za Kongo zikaongeza utamu. Watu wa Kilwa waliohamia Dar es Salaam kutafuta kazi hawakubaki nyuma. Kilwa Jazz Band, chini ya Ahmed Kipande, ikawa miongoni mwa bendi kubwa za jiji katika miaka ya 1960, ikitajwa sambamba na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz. Jina la wilaya yetu likatangazwa redioni kila wiki, na safari hii halikutangazwa kwa sababu ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Lilitangazwa kwa sababu ya magitaa na saksafoni. Hakuna aliyesema tena kwamba rumba si ya kwetu. Ilikuwa imeshazoeleka.

Soul ilipoingia ilikuta mlango uleule, ila nyakati zilikuwa zimebadilika. Muziki huo ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, pale waimbaji weusi walipoichukua sauti ya kanisani, yenye kuita na kuitikiwa, yenye kulia na kushangilia, wakaipeleka kwenye nyimbo za mapenzi na za maisha. Aretha Franklin alianza kuimba akiwa mtoto katika kanisa la baba yake mjini Detroit. Katika mji huohuo Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown mwaka 1959. Kule Memphis, studio ya Stax ikamtoa Otis Redding, aliyefariki katika ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka huohuo James Brown alirekodi "Cold Sweat", wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa funk. Mwaka uliofuata akatoa wimbo wa kuwaambia weusi waseme kwa sauti kwamba wanajivunia weusi wao.

Hapo ndipo penye siri ya mvuto wa muziki huu. Soul ilikuwa inaimbwa na watu ambao babu zao waliuzwa mnadani, ambao wenyewe walizuiwa kukaa viti vya mbele vya mabasi na kupiga kura. Pamoja na hayo, hawakuimba kwa kunyong'onyea. Waliimba kwa kifua kipana. Hata wimbo wa huzuni ulikuwa na nguvu ya mtu anayesimama baada ya kuanguka. Msikilizaji wa Kiafrika, ambaye nchi yake ilikuwa imepata uhuru juzi tu, hakuhitaji kujua Kiingereza ili ajisikie ameguswa. Sauti yenyewe ilimtosha.

Na mdundo pia ulimtosha. Ngoma za mwambao wetu zina mgawanyo wa kazi. Mpiga chapuo hupewa kazi ya kushika mwendo na asiuachie, hata usiku kucha. Mpiga msondo ndiye mwenye ruhusa ya kuzungumza: anaingia, anauliza, ananyamaza, anarudi. Mchezaji husikiliza msondo huku miguu yake ikitii chapuo. Funk imejengwa kwa utaratibu huohuo. Gitaa la besi na drams hushika kipande kimoja kifupi na kukirudia bila kuchoka. Gitaa la pili linakatakata kama chapuo. Tarumbeta na saksafoni huingia kwa mkupuo, zikasema neno moja, zikatoka. Mwimbaji anaita, wenzake wanaitikia. James Brown alifika mahali akawataka wapigaji wake wote, hata wa magitaa na matarumbeta, wapige kana kwamba kila chombo ni ngoma. Mtu aliyekulia kwenye mkole na unyago akisikia kitu hicho hafundishwi namna ya kukicheza.

Vijana wa Dar es Salaam walikipokea kwa pupa. Zikaibuka bendi kama The Sparks na The Rifters, zilizopiga nyimbo za soul jinsi zilivyosikika kwenye santuri. Madansi ya mchana ya mwisho wa juma, yaliyoitwa bugi, yalijaza wanafunzi. Kadiri miaka ya 1970 ilivyoingia, mavazi nayo yakafuata: suruali za bugaluu zilizopanuka miguuni, viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele zilizoachwa zikue na kuchanwa zikawa duara.

Serikali na chama vilitazama kwa jicho jingine. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuingia katika Jamhuri, alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za Kizungu lakini hawakujua ngoma za makabila yao. Azimio la Arusha la Februari 1967 likazidisha msisitizo wa kujitegemea. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, kupinga sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo walivyoamini waliosimamia operesheni hiyo. Marufuku ya soul ya Novemba mwaka huo ilikuwa mtoto wa hoja hiyohiyo.

Nia ya kulinda ngoma za asili ilikuwa njema, na matunda yake tumeyala. Bila msimamo ule redio ya taifa isingejaza maktaba yake kwa sauti za watu wetu. Lakini marufuku yenyewe ilizua mjadala mkali katika magazeti. Wasomaji waliandika barua wakiuliza kwa nini uguswe muziki wa ndugu weusi wa Marekani, wanaopigania haki zao, ilhali muziki mwingine wa kigeni unaachwa. Swali lao lilikuwa zito kwa sababu Tanzania ilikuwa rafiki wa wazi wa harakati hizo. Malcolm X alipokelewa Dar es Salaam mwaka 1964. Wamarekani weusi walikuja kufundisha na kuishi nchini. Juni 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mwenyeji wa Mkutano Mkuu wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Haikuwezekana kuyakumbatia mapambano ya watu hao na kuisukuma mbali sauti waliyoitumia kupambana.

Jibu la swali hilo lilitolewa na wanamuziki wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliundwa Sunburst. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo alipiga gitaa, Kassim Magati alikaa kwenye kinanda na Bashir Idi Farhan akashika besi. Walianza kama bendi nyingine za vijana, wakipiga soul ya Wamarekani. Kisha wakafanya jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi ya kuiga: walianza kutafuta mahali ambapo mdundo wa funk unakutana na ngoma za Tanzania, na wakatunga nyimbo zao wenyewe, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza. Mtindo wao wakauita Kitoto. Walirekodi Radio Tanzania mwaka 1973, wakatoa santuri ndogo kwa lebo ya Moto Moto ya Kenya, na mwaka 1976 ikaja albamu yao ya pekee, "Ave Africa".

Ukiisikiliza leo, jambo la kwanza linalokushika ni uchangamfu. Besi haikai nyuma, inatembea mbele. Kinanda kinajaza pembe zote. Gitaa linaweza kuanza kwa mkato wa funk, halafu likaachia nyuzi zikatiririka kwa utamu wa Kikongo, na huoni mahali zilipounganishwa. Sauti za kiitikio zinakuja kwa pamoja, kwa moyo mmoja, kama watu walioamua jambo. Hakuna kujililia. Hata pale maneno yanapogusa shida za maisha, mwendo wa wimbo unakwambia inuka.

Jambo la pili ni uzito wa mada. Miongoni mwa nyimbo walizorekodi kuna "Simba Anguruma", na kuna "Enzi za Utumwani". Wimbo wenye jina kama hilo la pili haupiti tu masikioni mwa mtu wa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikatembea kwa miezi, na waliofika hai wakapakiwa majahazini kuelekea Zanzibar na kwingineko. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo baharini, na wafanyabiashara wakageukia nchi kavu, wakiwaswaga watu kuelekea kaskazini kando ya pwani, wakipita katika nchi hii ya Kilwa na Rufiji, mpaka njia hiyo nayo ilipopigwa marufuku mwaka 1876.

Ni kweli kwamba walio wengi waliochukuliwa Kilwa hawakufika Detroit wala Memphis. Walikwenda Unguja na Pemba, Bukini, Reunion, Morisi na Arabuni. Mababu wa James Brown na Aretha Franklin walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na ya Kati. Lakini jeraha lilikuwa moja. Bendi ya Dar es Salaam ilipouchukua muziki wa wajukuu wa watumwa wa upande ule na kuutumia kuimba habari za utumwa wa upande huu, ilikamilisha mazungumzo ambayo yalikuwa yanasubiri. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi ya Sunburst: waliona kwamba furaha iliyomo ndani ya soul ni furaha ya watu waliopona, na kwamba sisi nasi tumo katika hesabu ya waliopona.

Hawakuwa peke yao. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma, akiwa na Afro 70, alichanganya ngoma na gitaa la kisasa kwa namna ambayo nchi nzima iliitambua. Safari Trippers, ambako kijana Marijani Rajab alianza kung'ara, ilitoka katika mkondo huohuo wa bendi za vijana, na baadaye ikapiga dansi la Kiswahili lililoshika mitaa yote. Septemba 1974 James Brown mwenyewe alipanda jukwaani Kinshasa pamoja na Bill Withers, B.B. King na Miriam Makeba, katika tamasha lililoandaliwa kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Afrika na watoto wake wa ng'ambo walikuwa wanaonana uso kwa uso.

Kwa nini basi "Ave Africa" haikuwa santuri ya kila nyumba? Sababu kubwa haikuwa ubora wake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania na kusikika nchi nzima, lakini kupata santuri ilibidi kwenda Nairobi. "Ave Africa" ilipotoka, soko lake likawa Zambia, nchi ambayo vijana wake walikuwa katika wimbi la muziki wa roki lenye bendi kama WITCH. Sunburst haikudumu baada ya hapo. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Njia ya santuri ikakatika. Albamu ikabaki mikononi mwa wachache, na jina la bendi likafifia hata katika jiji lililoizaa.

Ilichukua miaka 40. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zote za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976, zikiwemo zile za redioni, ikazitoa upya kwa jina lilelile la albamu. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walishangaa kukuta funk ya kiwango hicho kutoka Dar es Salaam. Kwetu sisi lilipaswa kuwa jambo la kujivunia, na pia la kutukera kidogo, kwa kuwa hazina yetu ilibidi ipitie London ndipo tuikumbuke.

Leo simu ya kijana wa Kinjumbi inaweza kumpigia "Ave Africa" shambani kwenye ufuta au chini ya mkorosho, bila mawe ya kuanika na bila pantoni ya kungoja. Kizuizi kilichobaki ni kutojua kwamba albamu hiyo ipo. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na magofu yake yana walinzi. Muziki wa kizazi kilichojenga taifa hili unastahili uangalizi kama huo. Kanda za Radio Tanzania zinazeeka. Zinahitaji kunakiliwa zote, kwa fedha za umma, na kufunguliwa kwa wananchi. Wapigaji na wasikilizaji wa miaka ile wanatutoka mmoja mmoja.

Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna santuri za zamani au kanda zilizofungwa kwenye sanduku, usizitupe. Mkalishe mzee wako barazani, msikilize naye "Ave Africa", kisha mwulize yeye alicheza nini, wapi na nani, na uandike anachokwambia.